Mrija wa Jiwe

Mdogo wangu aliporudi kutoka Mirerani hakuleta kitu. Sisemi kwa kumsimanga. Wengi wanaokwenda kule kuchimba tanzanite hurudi hivyo hivyo. Yeye alirudi na begi la mgongoni, taa ya kuvaa kichwani na kikohozi. Baba alimwona akishuka kwenye bodaboda, akaitikia marahaba, kisha akaendelea kumfunga ndama kamba. Wakati wa kuondoka alikuwa amemwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa huyu karudi na miguu yote miwili mizima, na nadhani hilo nalo lilimuudhi mzee.

Hasira yenyewe ilikuwa na chanzo. Kila msimu mdogo wangu alikuwa anapiga simu kutoka machimboni: "Baba, tumekaribia, mwamba umeanza kubadilika rangi." Baba ni mtu asiyejua kuficha furaha. Aliyabeba maneno yale hadi kanisani, hadi mnadani, akawaambia watu. Mwamba ukabadilika, ukabadilika tena, na hakuna kilichotoka. Watu wa kijijini kwetu Maretadu wakaanza kumuuliza kwa kicheko, "Mzee, mwamba unasemaje leo?" Baba yangu anaweza kuvumilia ukame, anaweza kuvumilia njaa. Kuchekwa hawezi. Mtoto aliyemfanya achekwe akakoma kuwa mwana, akawa "yule". "Yule amefunga zizi?" "Mwambieni yule aje ale." Na yule amekaa hapo hapo, anasikia kila neno.

Mimi siishi nyumbani. Naishi Katesh, nina mgahawa kando ya barabara iendayo Singida, na kila nikienda kuwasalimia wazazi nakuta hali ni ile ile. Nilijaribu kumsemesha baba mara moja tu. Akaniuliza kama kule Katesh nimefungua mgahawa au mahakama. Nikanyamaza, maana mzazi ni mzazi.

Pango lilipatikana kwa sababu ya nungunungu. Alikuwa anatumalizia mahindi ya shamba la chini, lile linalopakana na mwamba mweupe, na mdogo wangu akaamua kumfukua kwenye shimo lake. Mtu mwingine angeishia kwenye shimo. Yeye amezoea kutambaa ardhini, akavaa taa yake, akaingia kwa tumbo, akapita mahali pembamba, akatokea kwenye nafasi ambayo mtu anaweza kusimama. Aliniambia baadaye kwamba alikaa chini akashindwa kusema kitu, na huyu ni mtu anayeongea hata akiwa peke yake. Katikati kulikuwa na nguzo nene ya jiwe jeupe, wanaume wawili hawawezi kuikumbatia mikono yao ikakutana. Na pembeni yake, kutoka darini, mirija ya jiwe ilikuwa inaning'inia mingi, myembamba, myeupe, kama ile mirija tunayonywea soda. Mmoja ulikuwa mrefu kupita yote. Ulianzia juu kabisa ambako mwanga wa taa unafika kwa shida, ukashuka umenyooka hadi usawa wa kifua chake. Nchani kulikuwa na tone la maji.

Jioni ile alimsimulia baba. Baba akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mirerani nyingine," akawasha redio. Ikawa ndio mtindo wao. Neno pango likitajwa, redio inawashwa, hata kama ni matangazo ya vifo. Mdogo wangu akapanua mlango wa pango kwa sururu ili mtu mzima aingie akiwa ameinama tu, akachonga na ngazi za udongo. Nilimuuliza anamchongea nani. Akasema, "Magoti ya baba siku hizi hayafai." Mh!

Picha alinitumia kwa simu. Mimi, niseme ukweli, niliona waya. Nikamjibu "hongera" kwa sababu sikujua la kusema, nikarudi kwenye chapati zangu.

Halafu akaja yule mama mtaalamu. Katesh tunapata wageni wa mlima, wengine wa kupanda, wengine wa kuchunguza, na huyu alikuwa wa mawe: mwalimu wa chuo, mwanamke wa umri wangu, ana viatu vizito na mifuko imejaa. Aliketi, akaagiza chai na chapati, kisha akaanza kutoa mawe mfukoni na kuyapanga mezani kwangu, kando ya sahani. Nikamwambia, "Dada, hapo watu wanalia chakula." Akaomba radhi, akayaweka chini. Nikaona nimekuwa mkali bure, nikaongeza, "Hata mdogo wangu ana ugonjwa huo huo," nikamwonyesha ile picha.

Aliacha kutafuna. Aliikuza picha kwa vidole, akaipeleka juu, akaishusha, akaniuliza hiki kitu kiko wapi na nani mwingine amekiona. Sikuwahi kuona mtu mzima ameshikwa namna ile na picha. Nikamwambia nguzo ni nene kweli. Akasema, "Nguzo ni nzuri, lakini nguzo za hivyo zipo. Mimi nautazama huu mrija." Akanieleza vizuri, nami nikaelewa. Tone la maji linapotoka darini linaacha ukingoni mwake chokaa kidogo mno, duara jembamba. Tone lingine linapita ndani ya lile duara, linaongeza lingine. Ndivyo mrija unavyokua, mtupu katikati, na ukipigwa hata kwa ukucha unaweza kuvunjika. Mingi huanguka kwa uzito wake ingali mifupi. Huu haukupigwa na upepo, haukuguswa na mnyama wala mtu, ukaendelea kushuka tangu kabla ya babu za babu zetu. Alisema hajaona wala kusoma habari za mrefu hivyo katika nchi yetu, na akiupima sawasawa huenda ukawa kati ya mirefu kabisa inayojulikana duniani. "Mwambie asiuguse. Nikimaliza kazi ya mlimani tunakwenda."

Nilimpigia mdogo wangu. Mtandao mzuri kijijini unapatikana kilimani nyuma ya kanisa, kwa hiyo nilimwambia apande ndipo nimweleze. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa baba atakuja kuuona?"

Hakuuliza kama ataandikwa vitabuni, wala kama serikali itajenga kibanda pale mlangoni. Aliuliza hilo tu, na mimi nikajua ni hilo tu alilokuwa anataka tangu mwanzo. Nikamwambia amwambie mwenyewe. Akasema, "Dada, redio ina betri mpya."

Akatumia akili. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamwomba yeye ndiye apeleke habari kwa mzee. Mwenyekiti alikuwa ameshachungulia pango mara moja akaona nguzo, akashangaa, akatoka. Basi naye akaenda kwa baba, akanywa maziwa, akamwambia wataalamu wanakuja kupima jiwe lililoko shambani kwake, labda ni kubwa kuliko yote. Baba hakuwasha redio. Mama aliniambia kwamba aliuliza mara mbili ni nani aliyeliona kwanza, na mwenyekiti akamjibu mara mbili, "Kijana wako, mzee. Kijana wako."

Hapa lazima nieleze kidogo jinsi mgeni anavyopokelewa kwetu. Mgeni si jambo la kumpikia tu. Uwanja unafagiwa hadi njiani, kuta zinapakwa upya kwa udongo na samadi, jivu linamwagwa palipo na tope. Na baba ana lake zaidi ya hayo: anachukua panga, anapita njia yote atakayopita mgeni na kukata kila tawi linaloweza kumgonga kichwa. Wageni wengi ni warefu, anasema, na mgeni akiumia kwenye boma lako hata kwa mwiba, aibu ni yako wewe. Nimemwona akikata tawi la mti wa matunda lenye matunda. Sisi watoto tulizoea, hata hatukuwa tunaliona tena.

Siku yenyewe tulitoka Katesh asubuhi na mapema, mimi, mtaalamu na dereva wake. Mdogo wangu alikuwa ametutangulia njia panda, maana dereva hakuijua njia ya kuingilia kwetu. Tulimkuta amekaa juu ya jiwe na shati jeupe limepigwa pasi. Nikamtania kwamba anaonekana kama mtu anayekwenda kuposa. Akacheka, kikohozi kikamshika, akacheka tena. Garini hakunyamaza. Alimweleza mtaalamu jinsi tone linavyokaa nchani muda mrefu kabla ya kudondoka, jinsi alivyojaribu kusubiri aone likianguka akapitiwa na usingizi. Mtaalamu naye alikuwa anamuuliza maswali kama mwenzake wa kazi. Nilifurahi, nasema wazi. Nilifurahi kwa niaba yake hadi nikasahau kwamba gari lile lilikuwa linanitingisha vibaya.

Baba alikuwa amesimama mbele ya nyumba. Amevaa koti lake la kanisani, kofia, fimbo mkononi. Mtaalamu akampa shikamoo, baba akaitikia, akauliza habari za safari, za Katesh, za mvua, za familia, za mvua tena. Tukaletewa chai na viazi. Tulipomaliza, baba akasimama na kusema kitu kilichotufanya mimi na mama tutazamane: "Twendeni. Mwanangu ndiye aliyeliona."

Mwanangu! Mdogo wangu aliinamisha kichwa akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Baba akatangulia. Alishuka zile ngazi za udongo mtu wa kwanza, akishika ukuta, na ndipo nikajua hii si mara yake ya kwanza kuzishuka. Suruali yake chini ilikuwa na vumbi jeupe. Sikulitilia maanani. Nikainama nikaingia, mtaalamu nyuma yangu, mdogo wangu nyuma yake.

Ndani palikuwa pasafi. Sijui niseme vipi ili mtu aelewe jinsi palivyokuwa pasafi. Sakafu ilikuwa imefagiwa, alama za ufagio zinaonekana zimepangika. Nguzo ilikuwa imesuguliwa kwa jivu na brashi, inang'aa, maji bado yanachuruzika. Taa mbili za betri zilikuwa zimewekwa pembeni. Na juu yetu hapakuwa na kitu cha kumgusa mtu kichwani.

Mdogo wangu aliinua uso, na taa ya kichwani kwake ikaenda darini. Ikazunguka taratibu. Niliona vikonyo vifupi vyeupe, vingi, kila kimoja kimekatika. Kimoja kilikuwa kinadondosha maji moja kwa moja sakafuni. Mtaalamu akashika mkono wangu akaubana hadi ukauma.

"Nguzo ndiyo hiyo," baba akasema, na sauti yake ikajaa mle ndani. "Pimeni bila wasiwasi. Kulikuwa na vijiti vya mawe vinaning'inia hapa, vingewatoboa macho. Huyu anapita kwa sababu ameshazoea mashimo, lakini wageni? Alfajiri, huyu alipowafuata njia panda, nikaingia na mpini wa jembe. Vya huku mbele nimevimaliza vyote."

Mtaalamu akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, mdogo wangu akamwambia haraka, "Mama, nguzo ndiyo hii tuliyowaitia." Akamtazama. Sijui machoni pake kulikuwa na nini maana taa ilikuwa inatupofusha, lakini yule mwanamke akafunga mdomo. Akatoa kamba ya kupimia. Akaipima ile nguzo chini, katikati na juu, akaandika, akamwomba baba amshikie ncha ya kamba, na baba akaishika kwa mikono miwili.

"Inazidi zote?" baba akauliza.

"Zipo zinazoizidi, mzee," alisema yule mama. "Lakini hii ni nzuri, na mnatakiwa kuitunza."

Baba hakuvunjika moyo hata kidogo. Alikuwa na swali lingine, nalo ndilo alilokuwa amelivalia koti. "Kwa hiyo kijana hakudanganya?"

"Hakudanganya, mzee. Kila alichosema kilikuwepo."

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tutoke tukale.

Tuliviona pale kwenye mlango wa zizi. Mlango ule una tope mwaka mzima, na baba akipata kifusi chochote hukimwaga pale. Alikuwa amevibeba kwa debe, akavimwaga, na ng'ombe walikuwa wameshapita. Vipande vyeupe, vingine virefu kama kidole, vingine vimesagika kabisa, vimechanganyika na samadi. Mtaalamu akachuchumaa na viatu vyake vizito ndani ya tope, akachagua kimoja, akakifuta kwa kitambaa chake. Kilikuwa na tundu katikati, laini. Akakitazama kwa muda, akanionyesha, akakifunga kwenye kitambaa akakiweka kifuani, si mfukoni.

Nilikasirika. Nilikasirikia mpini wa jembe, koti, mwenyekiti, redio, kila kitu. Mtu unaishi na mwanao nyumba moja na humuulizi! Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tangu tukiwa wadogo, na aliyekuwa anatuambia ni yeye. Nikamvuta mdogo wangu nyuma ya ghala. "Nakwenda kumwambia," nikasema.

"Dada, usithubutu."

"Ameharibu kitu ambacho dunia nzima—"

"Najua alichoharibu. Mimi ndiye niliyekuwa nalala chini yake." Akajifuta pua kwa mkono wa lile shati jeupe. "Umesikia ameniitaje mbele ya watu? Unataka nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli nimemwambia tangu niliporudi. Ulinisaidia nini?"

Tukarudi, tukala. Baba alimsimulia dereva habari za shamba, akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole kila alipotaja pango. Mtaalamu alikula kidogo. Wakati wa kuondoka alimwita mdogo wangu kando ya gari, nami nikasogea. Alimwambia amemulika kule ndani zaidi, nyuma ya nguzo mahali panapobana, akaona mirija mingine mifupi. Si ya kuvunja rekodi yoyote, lakini iko hai, na mtu asiiguse, hata kama ni kwa nia njema. Neno hilo la nia njema alilisema polepole. Mdogo wangu akaitikia. Gari likaondoka, mimi nikabaki kulala nyumbani.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomwona baba anatoka kwenye miti ya mikaratusi na fito ndefu begani. Akakaa kwenye kigogo, akaanza kuibandua maganda kwa panga, akiimba wimbo wa kanisani. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu enzi za simu za Mirerani. Mimi na mama tulikuwa tunachambua maharage. Mdogo wangu alikuwa anakata kuni.

"Baba, fito ya nini?" nikamuuliza.

"Ya pangoni. Kesho nataka nimalizie vile vijiti vya kule ndani. Yule mama amesema patunzwe. Wageni wengine wakija wakute pote pasafi." Akamgeukia mdogo wangu. "Mwanangu, utanishikia taa."

Shoka likasimama. Namkumbuka alivyosimama, kalishika kwa mikono miwili, anatazama kuni. Jamani, kuna vitu mtu hapaswi kulazimishwa kuchagua. Akinyamaza, kesho baba yake atamaliza hata hivyo vilivyobaki, na yeye mwenyewe ndiye atakayemmulikia. Akisema, lile neno alilolipata asubuhi huenda akalipoteza jioni hiyo hiyo. Mama hakuwa anajua lolote, akaendelea kutupa maharage mabovu pembeni.

Akaweka shoka chini. Akaenda akachuchumaa mbele ya baba, si karibu sana.

"Baba, usiviguse tena. Wale watu hawakuja kwa ajili ya nguzo."

Akamweleza. Hakupandisha sauti, hakukimbilia mwisho. Alieleza tone, na duara la chokaa, na mrija mmoja uliokuwa mrefu kuliko yote, na picha, na kwamba huo ndio uliowatoa wageni Katesh. Nilimtazama baba mkono, nikisubiri uende kwenye redio. Redio ilikuwa pale pale kwenye kigogo. Mkono haukwenda.

"Ulikuwa wapi huo?" baba akauliza.

"Kushoto kwa nguzo. Ulikuwa unafika hapa." Akajigusa kifua.

Baba akafikiri. "Huo ndio nilioanza nao," akasema.

Baadaye kidogo akauliza, "Kwa nini hukusema mbele ya yule mama?"

"Ungeaibika, baba."

Mzee akaiweka ile fito chini. Akasimama, akaenda peke yake hadi mlango wa zizi, akainama. Tulimwona akiokota kitu, anakifuta kwenye koti lake la kanisani, anakitazama kwenye mwanga uliobaki, anachungulia ndani ya tundu lake. Akaokota kingine. Alikaa huko hadi ng'ombe walipoingia, akawa anawazuia kwa fimbo wapite pembeni. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini kimetokea nini. Nikamwambia nitamweleza, nikaenda kusonga ugali kwa sababu nilitaka kushika kitu.

Chakula kilipoiva tukakaa. Baba akarudi, akakaa mahali pake, hakumwangalia mtu. Nikaona mambo yameisha, kesho mdogo wangu atakuwa "yule" tena, na safari hii kwa aibu, ambayo ni mbaya kuliko hasira. Nikachukua jagi la maji ya moto na beseni, maana binti akiwepo nyumbani hiyo ni kazi yake, nikaenda kuanzia kwa baba. Kwetu mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa. Maji yanaanza kwa baba, yanashuka kwa mama, kisha kwa watoto kwa jinsi walivyozaliwa. Sijawahi kumwona baba ameshika jagi lile, hata alipokuja askofu.

Hakunyoosha mikono. Alisimama, akachukua jagi mkononi mwangu, akachukua na beseni. Akapita mbele ya mama, akapita mbele yangu, akaenda akapiga magoti yake mabovu chini, mbele ya mdogo wangu.

"Lete mikono," akasema.

Mdogo wangu akaificha nyuma. "Baba, hapana. Siwezi."

"Lete. Maji yanapoa."

Alimtazama mama. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Akaitoa mikono polepole, na baba akammiminia, kisha kwa mkono wake mwingine akaanza kumsugua vidole kimoja kimoja, na kati ya vidole, na kucha, kama anavyonawishwa mtoto mdogo. Mdogo wangu alikuwa analia na mimi nilikuwa nalia, sina sababu ya kuficha. Aliendelea hadi maji yakaisha. Ndipo akainuka kwa shida, akarudi kukaa, akanipa jagi tupu, akaniambia nikajaze mengine, yeye bado hajanawa.